Kabla ya kuuza diski za zamani, soma jina lililoandikwa juu yake

LUBUMBASHI – Tangu miezi kadhaa sasa, wakaaji wa Kenya, Katuba na Kamalondo wamezoea kuona vijana wanaopita nyumba kwa nyumba wakiulizia kitu kimoja. Hawaulizii shaba, wala betri zilizokufa, wala vyuma vikuukuu. Wanaulizia diski nyeusi za muziki wa zamani. Wakiambiwa kwamba mzee wa nyumba aliziacha, wanaomba kiti, wanatoa simu na kuanza kupiga picha moja moja.

Bei yao haisumbui mfuko. Diski moja franga 2 000, ikiwa nzuri sana franga 5 000. Kwa mama ambaye diski hizo zimelala chini ya kitanda chake kwa miaka 20, pamoja na vumbi na mende, hiyo ni feza ya unga wa bukari. Wengi wameuza bila kuuliza zaidi. Wengine wametoa sanduku zima na kushukuru kwamba nyumba imepata nafasi.

Katika familia moja ya Katuba mambo hayakwenda hivyo. Baba wa nyumba alifariki mwishoni mwa kiangazi. Aliacha mjane, binti ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa kiume anayeendesha basi dogo la abiria, madeni ya kilio, na sanduku la chuma lenye diski 58.

Diski sita zenye thamani kuliko 52

Komisioneri aliyefika kwa familia hiyo alikuwa kijana mwenye adabu. Alipangusa kila diski kwa shati lake, akazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa rumba ya orkestra kubwa za Kinshasa, zile ambazo kila mtu mwenye umri anazijua. La pili lilikuwa diski zilizopinda na zilizokwaruzika. Fungu la tatu lilikuwa na diski sita tu, na hizo alizishika kwa ncha za vidole.

Akasema atatoa dola 150 kwa zote. Mama mjane, ambaye ameuza samaki sokoni miaka mingi, akamwuliza: tukibakia na hizi sita, utatoa ngapi kwa zile zingine? Kijana akajibu dola 30. Hapo mama akaelewa kwamba bei yote ilikuwa imekaa katika lile fungu dogo.

Zilikuwa na nini? Kwenye karatasi ya katikati ya diski, chini ya jina la wimbo, watengenezaji wa zamani walikuwa wakiandika aina ya mchezo: rumba, bolero, cha cha, soukous. Juu ya hizo sita palikuwa na maneno mengine: soul, jerk. Maneno hayo mawili ndiyo yanayowaleta wanunuzi kutoka mbali.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa inchi yetu walikuwa wakisikiliza diski za James Brown na za waimbaji wengine weusi wa Marekani. Orkestra zikaingiza mambo hayo ndani ya muziki wao: ngoma nzito, saksofoni inayopiga kelele, gitaa linalokwangua badala ya kuimba. Verckys, mpiga saksofoni wa OK Jazz, alitoka kwa Franco mwaka wa 1969, akaanzisha Orchestre Vévé na nyumba yake mwenyewe ya kutoa diski. Vijana watatu wa kwake, Mario, Djeskin na Sinatra, wakajitenga na kuwa Trio Madjesi, wakapanda jukwaani na orkestra Sosoliso na kucheza kwa mtindo wa Wamarekani.

Mwezi wa 9 mwaka wa 1974 Wamarekani wenyewe walifika Kinshasa. James Brown, B.B. King, Bill Withers na wengine waliimba usiku tatu katika uwanja wa tarehe 20 Mei, pamoja na Franco, Tabu Ley, Abeti na Miriam Makeba. Tamasha hilo lilikuwa la kusindikiza pigano la Muhammad Ali na George Foreman, ambalo lilisogezwa hadi tarehe 30 mwezi wa 10 kwa sababu Foreman aliumia juu ya jicho akifanya mazoezi. Sauti za wanamuziki wa Afrika zilizorekodiwa usiku zile zilikaa kwenye maghala miaka zaidi ya 40. Diski yake ilitoka mwaka wa 2017.

Lakini mkate wa orkestra ulikuwa rumba. Diski za soul zilikuwa chache, wimbo mmoja huku, mmoja kule, na hazikurudiwa kutengenezwa. Ndiyo maana leo ni adimu. Mwaka wa 2014 nyumba ya Ujerumani inayoitwa Analog Africa ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Verckys na Vévé za kati ya 1969 na 1978, na watu wa Ulaya na Marekani ambao hawasikii neno moja la Kilingala wakaanza kuzitafuta diski za kwanza zenyewe, zile ndogo za mizunguko 45 zenye tundu kubwa katikati.

Katanga nayo iko ndani

Wengi wanafikiri muziki wa zamani ni mambo ya Kinshasa peke yake. Sivyo. Mwaka wa 1952, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Mwingereza Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili, na gitaa lile likasikika hadi Nairobi na mbali zaidi. Baadaye, wanamuziki wa upande wetu waliona Kinshasa iko mbali, Zambia iko karibu. Wakavuka mpaka. Baba Gaston wa Likasi alipitia Dar es Salaam, akafika Nairobi katikati ya miaka ya 1970. Baadhi ya vijana wake walimwacha mwaka wa 1976 wakaunda Les Mangelepa. Super Mazembe nao walipitia Zambia, wakafika Nairobi mwaka wa 1974.

Ndiyo kusema diski nyingi za watoto wa Katanga hazikutengenezwa Katanga wala Kinshasa. Zilitengenezwa Kenya, zikauzwa kule, na chache zikarudi nyumbani mkononi mwa msafiri. Katika zile sita za sanduku la Katuba, moja ilikuwa ya namna hiyo. Komisioneri aliishika kuliko zote. Jina la orkestra halitajwi hapa kwa ombi la familia, maana hawataki wanunuzi wapange mstari mlangoni.

Jina lililoandikwa kwa biki

Mwalimu ndiye aliyeligundua jambo lenyewe. Alichukua diski ile ili aone inafanana na nini, akaona kwenye karatasi ya katikati, kando ya jina la wimbo, jina la mtu limeandikwa kwa biki ya buluu. Halikuwa jina la baba yake. Akachukua nyingine, jina ni lile lile. Zote 58 zilikuwa nalo.

Chini kabisa ya sanduku palikuwa na daftari la shule. Kurasa nne zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wa baba: orodha ya diski 62, kila moja na namba yake, jina la orkestra na la wimbo. Mwisho wa orodha palikuwa na saini mbili na neno "Likasi, 1992". Kisha, mbele ya namba nne, baba alikuwa ameongeza maneno kwa wino mwingine. Namba 9: ilivunjika siku ya kuhama, 1996. Namba 23: mtoto aliikalia. Namba 40: niliikopesha, haikurudi. Namba 51: niliuza, njaa, 1998, nitalipa.

Mwalimu anajua ni mtoto gani aliyekalia namba 23. Alipigwa siku hiyo, na hakuelewa kwa nini baba alikasirika hivyo kwa ajili ya diski moja.

Mama akaeleza. Mwaka wa 1992 familia ilikuwa ikikaa Kikula, huko Likasi. Jirani yao alikuwa fundi wa umeme, mzaliwa wa Likasi, anayesema Kiswahili kama wao, lakini wazazi wake walitoka Kasai. Kila mtu wa umri huo anakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu. Huko Likasi walijaa kwenye kituo cha reli, wamelala nje na watoto wao, wakingojea treni ambazo hazikuwa na siku ya kufika. Wengine walikufa kule kituoni, wengine njiani.

Jirani alikuwa na mikono miwili, mke, watoto wanne, magodoro na sufuria. Usiku mmoja alipitisha sanduku juu ya ukuta. Baba akasema hatalipokea bila kuandika. Wakaketi chini ya taa ya petroli, wakahesabu diski moja moja, wakatia saini. Kesho yake jirani akaenda kituoni. Tangu siku hiyo hawakusikia habari yake tena.

Mguu wa mbuzi

Maneno yakaingia nyumbani. Mwenye kudai feza ya kilio alikuwa amesema atapita mwisho wa mwezi. Mtoto mmoja wa mwalimu yuko sekondari, na shule ilikuwa imeshaita wazazi kwa ajili ya malipo. Mtoto wa kiume akasema wazi:

"Yaya, ni miaka zaidi ya 30! Yule mutu pengine alishakufa. Sisi ndio tulihama na ile sanduku mara tatu. Hata mwenye kuchunga mbuzi ya mwenzake anapewa mguu."

Hoja yake haikuwa ya mwizi. Familia ililinda mali ile katika vita, katika njaa, katika nyumba zinazovuja. Katika uporaji na katika kuhama, maelfu ya diski za namna hiyo ziliteketea mjini humu, na baadaye watu walipopata kaseti, wengi walitupa zilizobaki. Kama si baba yao, zisingekuwepo kabisa.

Mama mjane alimjibu kwa kifupi: "Mbuzi inazaa. Hizi hazikuzaa. Na papa yako aliandika 'nitalipa'. Nani atalipa kama si weye?"

Wakakubaliana kungoja juma mbili. Mwalimu alipiga picha ya saini, akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wa zamani wa shule moja ya Likasi. Mtu mmoja alimjua mtu wa Kananga, ambaye alimjua mtu wa Mwene-Ditu. Siku ya tisa, namba ya simu ikafika.

"Zilifika ngapi?"

Mzee ni mzima. Ana miaka zaidi ya 75, macho yamepungua, na binti yake ndiye aliyemshikia simu. Mwalimu alipojitambulisha kwa jina la baba yake, mzee aliuliza kwanza habari za baba. Alipoambiwa, alinyamaza, kisha akatoa pole kwa mama, kwa watoto, kila mmoja kwa jina. Ndipo akauliza: "Zilifika ngapi?"

"58, papa."

Mwalimu akamsomea zile nne zilizokosekana, na maneno ya baba yake mbele ya kila moja. Kwa namba 51 mzee alicheka. "Ile haikukuwa muzuri. Mwambie mama yako asilipe."

Kisha akauliza kama namba 17 iko. Ilikuwepo. Ilikuwa ile ya Nairobi.

Mzee akaeleza kwamba gitaa la pili katika diski ile ni la mdogo wake. Aliondoka Likasi akiwa kijana, akavuka Zambia na wenzake, akafika Kenya. Diski ile aliituma kwa mkono wa msafiri, ili nyumbani wajue kwamba kweli anafanya kazi. Hakurudi, na alikufa huko huko. Picha zake zilibaki Likasi pamoja na nyumba. Kwenye diski, kama ilivyokuwa desturi, liliandikwa jina la orkestra na la mtunzi wa wimbo. Jina la mpiga gitaa la pili haliko popote.

Mzee hakudai kitu. "Kama mulishauza, hakuna neno. Mulikuwa na shida zenu." Mwalimu akamwambia hawajauza. Basi mzee akaomba hiyo moja tu irudi kwake. Kwa zingine akasema waziuze wanavyotaka, feza igawanywe katikati, na wasimwulize tena.

Bila namba 17, bei ya komisioneri ilishuka kutoka dola 150 hadi dola 60. Mtoto wa kiume hakusema na dada yake siku mbili.

Familia haikumwuzia. Kwanza walizipeleka diski zote kwa fundi wa redio moja ya mtaa ambaye bado ana pikapu yenye sindano nzuri. Kwa jioni mbili alizipiga na kuziingiza kwenye kompyuta. 41 zilisikika vizuri, zingine zinaruka au zinalia kama mvua juu ya bati. Baadaye mnunuzi mwingine alichukua 25, zikiwemo zile tano za soul, kwa dola 110. Dola 55 zilitumwa Mwene-Ditu kwa simu. Dola 55 zingine zilimaliza deni la kilio. Feza ya sekondari haikupatikana, na mtoto alifukuzwa darasani siku nne hadi mjomba mmoja alipokopesha.

Namba 17 ilifungwa kati ya vipande viwili vya mbao nyembamba, ikasafiri na mfanyabiashara hadi Mwene-Ditu. Sauti yake ilitangulia kwa WhatsApp. Mtoto wa kiume naye aliiomba kutoka kwa fundi, na siku hizi inasikika katika basi lake, upande wa pili, pale ambapo waimbaji wananyamaza na magitaa yanabaki peke yao. Abiria wanamwuliza ni nani hao. Anawajibu kwamba mmoja ni mtoto wa Kikula.

Mwenye diski nyumbani afanye nini

Mwezi wa 12 mwaka wa 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa watu wote. Watu walishangilia. Lakini urithi huo, kwa sehemu kubwa, umelala chini ya vitanda, na kila siku moja inatoka kwa franga 2 000. Kuuza si dhambi, njaa inajulikana. Ila kuna mambo ya kufanya kwanza.

Usizipange diski kwa kulaza moja juu ya nyingine. Zisimamishe kama vitabu, mbali na jua na bati la moto, maana joto linazipinda na hazinyooki tena. Zikiwa chafu, tumia maji safi na kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati, na uzikaushe kivulini. Zile nzito za zamani sana, za mizunguko 78, usiziguse na pombe kali wala alkoli ya dawa: inaziyeyusha. Usizipige kwa sindano iliyokwisha, inachimba sauti na kuiondoa.

Soma maandishi yote. Muhuri wa duka wenye jina Jadotville au Elisabethville unaonyesha kwamba diski ni ya kabla ya 1966, miji ilipobadilishwa majina. Neno Zaïre linaonyesha ni baada ya mwezi wa 10 wa 1971. Rochereau akiitwa Tabu Ley, ni wakati watu walipoacha majina ya ubatizo. Andika orodha, piga picha pande zote mbili, na umtafute mtu wa redio anayeweza kuirekodi sauti kabla diski haijaondoka inchini.

Na kama kuna jina kwa biki, uliza ni la nani. Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, watu wengi walipitisha vitu juu ya ukuta miaka ile.

Katika daftari la Katuba, mbele ya namba 17, mwalimu ameandika: imerudi kwa mwenyewe. Diski 32 zimebaki katika sanduku, zimesimama wima. Komisioneri bado wanapita. Mama anawakaribisha, anawapa maji, anawaambia kwamba ndiyo, diski ziko, na zina mwenyewe.